Kochi la Mwenyekiti Katikati ya Barabara

Anayetaka kujua kama Mama Makochi amekasirika haangalii macho yake, anaangalia mdomo. Kazi yake ni kuvisha makochi, na katika kazi hiyo misumari midogo hukaa midomoni, vichwa nje, ncha ndani, ili mkono mmoja uvute kitambaa na mwingine upige nyundo. Misumari ikiwa mdomoni, mambo ni shwari: salamu anaitikia kwa pua, kicheko anakimalizia mabegani. Akianza kuitemea kiganjani, mmoja mmoja, bila haraka, wateja wazoefu hukumbuka ghafla kwamba wameacha chungu jikoni.

Mwaka ule alitema misumari mingi kuliko aliyopigilia.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa mabati. Mbele hukatwa sponji, katikati husimama fremu zinazongoja mikanda na springi, na nyuma, upande wa pili wa pazia, kuna kitanda, jiko, na meza anayofanyia kazi za shule mjukuu wake. Mjukuu huyo, mtoto wa binti yake, mtaa mzima unamwita Sponji, maana alijifunza kutambaa juu ya marobota ya sponji na hadi leo hawezi kupita karibu na robota bila kulirukia. Mama yake ni nesi. Akiwa zamu, mtoto hulala kwa bibi. Na kwa kuwa zamu za nesi haziishi, mtoto kwa kweli anaishi kwa bibi.

Upande wa pili wa ukuta ni kwa seremala anayetengeneza fremu. Ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Makochi, na utani wao ulianza siku ya posa, haujapumzika hata leo.

"Shemeji, fremu hii imelewa?"

"Haijalewa. Inakuinamia kwa heshima."

Mtaa wenyewe ni mwembamba na una kona moja kali, papo hapo kwenye karakana. Upande mmoja kuna mtaro mpana usio na mfuniko. Upande wa pili, ulio wa mafundi, kuna njia ya miguu iliyoinuliwa kidogo kutoka barabarani. Zamani barabara hiyo ilikuwa ya watoto. Walichora miraba kwa chaki, wakaruka kamba, wakacheza mpira ambao magoli yake yalikuwa kandambili. Gari likipita, lilikuwa la mtu anayejulikana, na lilisubiri goli lifungwe.

Kisha njia panda kubwa ikawekewa taa. Madereva wakagundua kwamba ukikata kona kwenye karakana ya makochi unazikwepa taa zote na kutokea mbele ya wenzako waliosimama. Habari njema husambaa. Mtaa ukawa njia ya mkato ya watu ambao hawakuwa na ndugu, deni wala salamu ya mtu yeyote aliyeishi humo, na waliupita kama mtu anayeruka dimbwi: macho ng'ambo, akili ng'ambo.

Siku gari la kijivu lilipomgonga Sponji, alikuwa anarudi shuleni na begi mgongoni. Mama Makochi alikuwa ndani anavuta mikanda. Alisikia mlio wa injini, akasikia kishindo, akasikia kimya. Hakusikia breki. Hilo ndilo alilolirudia kwa askari, kwa daktari, kwa majirani, na kwa ukuta wake: hakusikia breki.

Dereva alishuka. Kwanza aliangalia taa ya gari lake. Akaipapasa. Kisha akamwangalia mtoto.

"Alikuwa barabarani," akasema.

"Ulitaka awe wapi, hewani?" seremala alimuuliza, huku amepiga magoti kando ya mtoto, patasi bado iko mkononi.

Mguu ulivunjika chini ya goti. Hospitali wakaufunga plasta, wakampa magongo, na mtoto akarudi kukaa kwenye kizingiti cha karakana, ndani kidogo ya mlango. Hapo ndipo mpaka wake ulipokuwa. Mpira ukidunda kuja mlangoni, aliurudisha kwa gongo, lakini kizingiti hakukivuka. Gari likipita, alishika fremu iliyo karibu hadi vidole vikabadilika rangi.

Jioni moja nesi alikuja akiwa bado na sare. Hakukaa.

"Mama, plasta ikifunguliwa mtoto anakwenda kwa bibi yake mzaa baba. Kule kuna uwanja. Hakuna magari."

"Kule hakuna mimi."

"Mama, watu wanawaleta, mimi nawapokea. Unanielewa? Watoto kama huyu, na wengine wasiobahatika kama huyu. Kuna siku nitafunua shuka nimkute wa kwangu."

Mama Makochi aligeuza nyundo mkononi.

"Na mtaa ukitulia?" akauliza baadaye.

"Ukitulia, atabaki. Utatuliaje, mama? Nani atautuliza?"

Kesho yake alivua aproni, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mwenyekiti ni mtu msafi. Kabla hajakaa hupangusa kiti kwa leso, na kabla hajajibu hupangusa miwani. Wakati huo alikuwa mteja pia: alikuwa ameagiza kwa Mama Makochi kochi la watu watatu, kitambaa rangi ya maziwa, vifungo mgongoni, na kila alipopita alichungulia kuona limefika wapi.

"Naomba vigingi mwanzo wa mtaa," Mama Makochi alimwambia. "Vya kupita mtu, lisipite gari. Wenye magari wa humu watazungukia upande wa pili, si mbali."

"Mama, tunalo jambo hilo mezani. Tumepanga elimu. Watoto watafundishwa kuangalia kulia na kushoto kabla ya kuvuka."

"Hakuwa anavuka."

"Tutabandika mabango, na picha."

"Dereva asiyeona mtoto ataona picha ya mtoto?"

Mwenyekiti akavua miwani, akaipangusa. "Barabara ni ya magari, mama yangu. Nikifunga hapa leo, kesho kila mtaa utataka wake ufungwe. Na tusiongozwe na hasira. Hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata, mwenyekiti. Niachie hasira yangu."

Akainuka. Alipofika mlangoni, mwenyekiti alimwita. "Na lile kochi langu, mama? Usisahau, vifungo viwe vya kitambaa kilekile."

Alirudi karakana. Siku hiyo alipiga misumari kwa nguvu hadi seremala akagonga ukuta kuuliza kama kochi linakataa kufa.

Alikuwa anapiga na kusema kwa pembe ya mdomo, misumari ikiwa pembe ya pili. Alisema juu ya dereva wa kijivu, juu ya walioweka taa njia panda, juu ya mwenyekiti na mabango yake. Sponji alikuwa pale kwenye kizingiti, anachambua vifungo kwenye bakuli.

"Bibi," akasema, "mimi sikuwa nacheza barabarani."

"Najua, mjukuu wangu."

"Nilishuka tu kulizunguka lile jekundu."

Nyundo ilibaki juu.

Jekundu lilikuwa kochi la macho. Kila fundi wa makochi analo: kochi moja zuri, kubwa, lililofunikwa nailoni, linalowekwa nje karibu kabisa na barabara ili anayepita kwa gari alione. Haliuzwi. Kazi yake ni kuonekana. La Mama Makochi lilikuwa limesimama kwenye njia ya miguu tangu mumewe angali hai, na kila asubuhi alifagia kulizunguka, mbele na nyuma, kama mtu anayefagia kuzunguka kaburi.

Alitema misumari. Alitoka, akatembea hadi upande wa shule, akageuka, akaanza kurudi nyumbani kwa njia anayorudia mtoto. Kwanza akakutana na mbao za seremala zilizoegemezwa ukutani, ncha zake za chini zimekula nusu ya njia. Akajibana, akapita. Kisha akalifikia jekundu. Nyuma yake palikuwa na ukuta, mbele yake palikuwa na lami. Hapakuwa na pa kupita ila kushuka, na ukishuka hapo, kona inakuficha hadi gari liwe limeshakufikia. Ng'ambo ni mtaro. Mtoto yeyote wa mtaa ule, kila siku ya shule, alikuwa anashushwa barabarani na kochi lake, mahali pabaya kuliko pote.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Hakulia, wala hakutafuta wa kumpa pole. Alilipiga jekundu teke, likaumiza kidole chake, akalipiga tena. Kisha akalikumbatia upande mmoja na kuanza kuliburuta ndani, nailoni inapasuka kwenye mlango.

"Shemeji!" aliita. "Mbao zako ondoa njiani!"

"Niziweke wapi, kichwani?"

"Kichwani kwako kuna nafasi tele!"

Seremala akatoka anacheka, tayari na jibu lingine. Akamwona alivyokuwa. Mama Makochi akamweleza kwa maneno machache, na yeye jibu lile akalimeza. Alizihamisha mbao zote hadi zikaziba dirisha lake, na tangu siku hiyo alifanya kazi kwa taa mchana.

Njia ikawa nyeupe. Watoto wa shule walipita kwa mstari, mikono ikigusa ukuta, bila kushuka hata mmoja. Mama Makochi aliwaangalia kutoka kwenye mashine ya kushonea, na hasira yake, iliyokuwa imegawanyika kati ya watu wengine na yeye mwenyewe, ikapoa kidogo. Akamwambia binti yake kwa simu, "Njoo uone." Binti akasema atakuja akimaliza zamu.

Hakuwahi kuona. Siku chache tu zilitosha kuharibu mambo. Kwanza pikipiki moja iligundua kwamba kwenye kona sasa kuna nafasi, ikapanda njia ya miguu na kulipita gari lililokuwa mbele. Pikipiki nyingine ikaifuata. Kisha magari mawili yakakutana uso kwa uso, hakuna aliyetaka kurudi nyuma, na dogo likapandisha magurudumu ya kushoto juu ya njia na kupita mbele ya karakana, karibu na kizingiti kiasi cha kumwagia vumbi bakuli la vifungo. Sponji alirudi nyuma kwa makalio hadi kwenye pazia.

Dereva alitoa mkono dirishani, akapunga. "Asante sana, mama! Mmetupanulia!"

Mama Makochi alibaki amesimama na kitambaa mkononi. Alikuwa ameondoa kochi ili mtoto apite, na shukrani imetoka kwenye gari.

Kochi la mwenyekiti lilikuwa limekamilika. Lilikaa katikati ya karakana, rangi ya maziwa, mshono umenyooka, vifungo vimezama mgongoni kila kimoja sawa na mwenzake. Kesho yake, karibu na saa ya watoto kutoka shule, alilitazama kwa muda. Kisha akagonga ukuta.

"Shemeji, njoo ushike huku."

Seremala alikuja, akashika. "Tunampelekea mwenyewe?"

"Tunaliweka nje."

"Pale pa jekundu? Si umesema njia isizibwe?"

"Barabarani. Katikati."

Seremala aliliachia. "Shemeji, hili ni la mwenyekiti."

"Ndiyo maana. Lile letu watalisukumia mtaroni. Hili waliguse waone."

Seremala alimtazama, akatema mate mikononi, akashika tena. Walilibeba, wakalitua mwanzo wa mtaa, mgongo ukiwaelekea wanaotoka njia kubwa. Lilitosha karibu upana wote. Pembeni ikabaki nafasi ya mtu, na hapo akasimama seremala mwenyewe, na randa yake.

Gari la kwanza likasimama. Dereva akapiga honi, kama kwamba kochi litasikia. La pili likasimama nyuma ya la kwanza. Watoto wakatoka shule, wakakuta mtaa mtupu kutoka kona hadi mwisho, na kwa muda walisita, hawakuelewa. Kisha mmoja akavua kandambili, akaweka goli.

"Toa takataka zako njiani!" dereva akapaza sauti.

"Takataka?" Mama Makochi akajibu. "Shuka ulione mshono kwanza."

Askari wa manispaa wakaja na pikapu, maana foleni ilikuwa imefika hadi kwenye zile taa walizokuwa wanazikwepa. Wakashika kochi huku na huku.

"Chukueni," akawaambia. "Mkifika ofisini, mwandikeni mwenyewe: mwenyekiti wa mtaa." Akatoa misumari mfukoni mwa aproni, akaitia mdomoni.

Askari wakaliachia polepole, kama mtu anayerudisha sufuria ya moto. Mkubwa wao akatoa simu. Hakuhitaji kupiga. Katikati ya foleni mlango wa gari ulifunguliwa, na mwenyekiti mwenyewe akashuka. Alikuwa anapita njia ya mkato kama wengine.

"Mama, nini hiki?" alikuja mbio. "Hilo si langu hilo? Vumbi! Mmeliweka kwenye vumbi!"

"Ndugu, kumbe ni lako?" dereva wa mbele akamrukia. "Toa kochi lako, mzee, tupite!"

"Mimi sikuliweka!"

"Umesema lako!"

Honi zote zikamgeukia yeye. Wakati wanabishana, gongo liligonga lami. Sponji alikuwa amevuka kizingiti. Alikuja taratibu kwenye barabara tupu, magongo kwapani, mguu wa plasta mbele, akizungukwa na wenzake waliokuwa wanampigia makofi kila hatua. Alilifikia kochi, akapumua.

"Bibi, nimechoka. Naweza kukaa?"

"Asikae!" mwenyekiti alipiga kelele, mikono yote miwili juu. "Na hayo magongo! Atalichafua!"

Hata honi zilikatika. Mwenyekiti alisikia alichosema baada ya wengine kukisikia.

Mama Makochi alipeleka kiganja mdomoni. Msumari mmoja. Mwingine. Alipomaliza, hakupaza sauti.

"Kaa, mjukuu wangu."

Sponji akakaa. Bibi akamgeukia mwenyekiti, kisha yule dereva wa mbele, kisha foleni nzima.

"Mmesimama," akasema. "Wote. Kwa kochi. Hakuna aliyeligonga, hakuna aliyesema lilikuwa barabarani. Siku ile nilikaa mle ndani nikingoja kusikia breki, nikadhani labda magari ya siku hizi hayana." Akafunga kiganja juu ya misumari hadi ikamchoma. "Kumbe breki zipo!"

Dereva wa mbele aliangalia usukani wake. Nyuma yake mtu akaanza kurudisha gari kinyumenyume, kisha mwingine.

"Mama, tuyazungumze," mwenyekiti akasema.

"Shemeji anachimba mashimo. Zungumza naye."

Ni kweli: seremala alikuwa ameshaleta sururu. Vigingi vilitoka kwenye mbao zake nene za miguu ya vitanda. Mwenyekiti hakusema ndiyo. Alisema ataliangalia suala hilo, na akabaki pale kuliangalia, kwa sababu Mama Makochi alikuwa amemweleza wazi kwamba kochi haliondoki mpaka zege la vigingi likauke. Alituma turubai, akalifunika mwenyewe, akachomekea pembe zote. Kesho yake akaja na stuli. Alikaa kando ya kochi lake akiwarudisha madereva kwa ukali ambao mtaa ule haukuwahi kuuona kwa askari yeyote. "Huoni kuna kochi hapa?" alikuwa akiwafokea. "Huna macho?"

Nesi alimkuta hivyo alipotoka zamu. Alipita kati ya vigingi vibichi, akamwangalia mwenyekiti kwenye stuli yake, akamwangalia mtoto wake aliyekuwa golini na magongo yote mawili, anazuia mpira kwa gongo huku wengine wakidai si halali. Akaingia karakana. Aliitoa nguo moja ya mtoto kwenye begi la safari lililokuwa chini ya kitanda, akaikunja upya, akairudisha kabatini. Akarudi kuchukua nyingine.

Plasta ilifunguliwa. Mguu ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, na Sponji alichechemea. Asubuhi ya kwanza ya kwenda shule kwa miguu yake alikataa kushikwa mkono. Alipita mbele ya mahali pa jekundu, akapita ukuta wa seremala, hakushuka.

"Umeshinda, Mama Makochi!" jirani akamwambia. "Watu wote wanakusifu kwa ile akili yako ya kochi."

Misumari ilikuwa mdomoni tayari, kazi ya siku inangoja. Akaitema, mmoja mmoja. Jirani akakumbuka kuna kitu ameacha jikoni. Mama Makochi hakumwangalia. Alikuwa anautazama ule mguu mwembamba unavyokanyaga, hatua kwa hatua, hadi ulipopotelea kwenye geti la shule.